Aliyetoa Kizuizi

Kompyuta ya Kasmir ilisoma flashi za watu wote isipokuwa ya Evodia.

Ya bwana shamba Adolfu, iliyofungwa uzi kwa sababu iliwahi kukanyagwa na trekta, ilisoma. Za walimu zilisoma. Hata ya yule mwanakwaya aliyeifua pamoja na suruali ilisitasita kidogo, kisha ikasoma. Ya Evodia, mpya kabisa, ya bluu, ikichomekwa tu taa yake inawaka mara moja na kuzimika, na kwenye kioo hakitokei kitu.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, Januari ya mwaka 2009, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati ya soko la Sumbawanga. Evodia alikuwa karani wa parokia. Ndani ya flashi ile mlikuwa na matangazo ya Jumapili, na katika matangazo hayo lilikuwamo lake mwenyewe: Kasmir, mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, anataka kufunga ndoa na Evodia; mwenye kujua kizuizi chochote amwone paroko. Wino wa parokiani ulikuwa umekwisha, ndiyo maana akaja kuchapa kwa mchumba wake. Tangazo la ndoa husomwa Jumapili tatu, na ukianza na ile iliyokuwa inakuja, ulibaki mwanya mdogo tu kabla ya Kwaresima. Kwaresima hakuna harusi. Evodia alikuwa na miaka thelathini na miwili, wadogo zake wote wameolewa, na hakuwa na hamu hata chembe ya kusubiri Pasaka.

"Itakuwa flashi yako mbovu," Kasmir alisema.

"Mbona ofisini inasoma?"

"Ofisini kwenu mna mashine ya kawaida, imejaa virusi. Hii inatumia mfumo wa Linux, mama. Huyu hali ovyo ovyo." Akaupapasa ubavu wa kompyuta kwa kiganja, taratibu, na Evodia hakupenda alivyoupapasa.

Akaichomoa flashi, akaichomeka tundu la nyuma. Kimya. Akajaribu tundu la mbele. Kimya. Akaizima mashine, akaiwasha upya, akachomeka flashi yake mwenyewe, dirisha likafunguka papo hapo. Akarudisha ya Evodia, kimya tena. Basi akafungua lile dirisha jeusi la maandishi ambalo wateja walikuwa wakiliona wanasogea nyuma, akaandika amri ya kuorodhesha vitu vyote vilivyochomekwa.

"Hii hapa, anaiona," alisema. Akarudia amri ileile. "Haipo tena."

Akafungua kumbukumbu ya mashine, ile inayoandika kila jambo linaloipata. Mistari ikaanza kumiminika. Kifaa cha saba kimechomekwa. Kifaa cha saba kimechomolewa. Kifaa cha nane kimechomekwa. Kifaa cha nane kimechomolewa. Hesabu ilikuwa inapanda, na mikono ya Kasmir ilikuwa juu ya kibodi, na ya Evodia ilikuwa ndani ya sweta.

"Kuna mtu anaichomoa," Evodia alisema kwa sauti ndogo.

"Mtu gani? Ni umeme. Tundu halitoi umeme wa kutosha."

Evodia akanyoosha mkono kuitoa, akauvuta haraka. Flashi ilikuwa ya moto. Na palitoka harufu, ikapita kati yao wawili kisha ikatulia upande wa Kasmir: dagaa wakavu waliochanganywa na marashi ya waridi. Evodia aliinama kuupuliza mkono wake, na ndipo macho yake yakaangukia mwanzo wa mstari ambako mashine inasubiri amri. Paliandikwa *kasmir@mkewangu*.

"Hiyo ni nini?"

Kasmir alicheka, cheko la mtu aliyekamatwa na sukari mdomoni. "Aa, hiyo. Ukiweka mfumo huu unaulizwa jina lako na jina la mashine. Nilikuwa sijaoa, ndugu wananisumbua kila siku, utaoa lini, utaoa lini. Nikamwita hivyo. Nikitoka nyumbani nawaambia nakwenda kwa mke wangu. Utani tu."

"Tangu lini?"

"Tangu nimnunue. Mwaka wa tatu huu."

"Na mimi umenichumbia mwaka jana. Hukuona haja ya kubadilisha?"

"Evodia, ni jina la mashine."

Wivu ukampanda Evodia. Alijua ni wivu wa kijinga, kumwonea wivu kitu chenye waya, na kujua huko hakukuupunguza. Alimkumbuka Kasmir akiifunika kompyuta ile kwa kitambaa cha kufuma kila jioni kabla ya kufunga duka, akiupindia ukingo kwa uangalifu. Yeye Evodia hakuwahi kufunikwa hata bega.

Kesho yake mchana Kasmir aliitwa kutengeneza mashine ya kopi shule moja ya jirani, akamwachia Evodia duka. Mvua ilikuwa inanyesha, wateja hakuna. Evodia aliketi kwenye kiti cha Kasmir, akachomeka flashi yake kwa kisirani tu, akisema moyoni tuone leo.

Dirisha lilifunguka.

Alifurahi, kwa muda wa kupepesa macho. Kisha akaona jina. Flashi ile alikuwa ameipa jina la PAROKIA, kwa mkono wake, na sasa kwenye kioo ilisomeka MWIZI, na ndani yake, ambamo alikuwa ameweka matangazo ya mwaka mzima, mlibaki faili moja tu. Akalifungua. Lilikuwa tangazo la ndoa, jina la Kasmir lipo na jina la baba yake lipo na kijiji chao kipo, lakini pale pa bibi harusi palikuwa peupe, pamefutwa, na chini, penye maneno mwenye kujua kizuizi chochote amwone paroko, palikuwa pameongezwa mstari ambao yeye hakuuandika: *Ninacho mimi.*

Evodia alitazama kibodi, akaona vitufe vinabonyea vyenyewe kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayejifunza kuchapa kwa kidole kimoja, na kila kitufe kilipobonyea herufi ilitokea kwenye kioo, na harufu ya dagaa na waridi ikazidi kupanda kutoka nyuma ya meza, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila ukuta na nyaya, na herufi zikaendelea kuja huku mvua ikipiga bati kwa nguvu hata asisikie pumzi yake mwenyewe, lakini akisikia nyingine, ya taratibu, ya baridi, ikimpuliza nyuma ya shingo pale kilemba kinapoishia, mpaka maneno yakakamilika, naye akayasoma: *Toka kwenye kiti changu.*

Mwingine angekimbia. Evodia, kwa hasira ya jana iliyokuwa bado inamchoma, aliweka vidole vyake juu ya vitufe, akaandika: *Sitoki.*

Kiti kikavutwa. Hakikuteleza, kilivutwa, na Evodia akajikuta sakafuni amekaa, na kilemba chake kikamtoka kichwani, kikapanda kwenye kona ya meza na kujifunga chenyewe kuizunguka kompyuta, fundo likakaa mbele, namna wanawake wanavyofunga wanapokwenda harusini. Alitoka dukani kwa magoti.

"Ni virusi," Kasmir alisema jioni ile, lakini hakumtazama usoni.

"Si ulisema hii haipati virusi?"

Kasmir akaanza kukifungua kilemba kwenye kompyuta.

Jumapili, Evodia aliandika tangazo kwa kalamu, kwenye karatasi ya daftari, akampa katekista Evaristi mkononi. Karatasi haina tundu la kuchomeka kitu. Kanisa lilikuwa limejaa. Evaristi alisoma vizuri, sauti yake nzito ikitoka kwenye spika mbili za ukutani, jina la Kasmir, jina la Evodia, kijiji kwa kijiji, na Evodia akaona mama zake wadogo wanageuka kumtabasamia. "Mwenye kujua kizuizi chochote," Evaristi akasema, "amwone paroko."

"Ninacho," ilisema sauti ya mwanamke kwenye spika.

Haikuwa kali. Ilikuwa sauti ya mtu anayeitika jina lake. Evaristi aliitazama maikrofoni, akaichomoa waya, akauinua waya ule juu watu wote wauone.

"Ninacho," spika zikarudia. "Kasmir ana mke."

Shingo zote zikageuka kumtafuta aliyesema, kisha zikamgeukia Kasmir. Baada ya misa paroko alikuwa mpole lakini hakuwa na njia. Kizuizi kimetolewa mbele ya watu. Tangazo la pili halisomwi mpaka jambo lichunguzwe. Evodia alirudi nyumbani bila kusalimia mtu, akilia kwa aibu, na kwa hasira zaidi kuliko aibu, maana alikuwa ameitambua pumzi ile katika sauti ile.

Kulikuwa na mtu mmoja wa kumwendea. Shangazi yake Coleta, dada wa baba, aliishi Milanzi na alikuwa mganga. Waumini waliomkana asubuhi walimwendea mchana kwa mlango wa uani, naye alikuwa hawaulizi. Evodia alimpeleka Kasmir siku ileile, wakakuta habari za kanisani zimeshamfikia.

"Shikamoo, Shangazi," Kasmir alisema.

"Marahaba. Kaa chini. Una mke?"

"Sina, Shangazi. Haki ya Mungu sina."

"Mwenye kuongopa hasemi kanisani kwa utulivu ule. Yule amesema kwa haki yake. Hiyo mashine uliipata wapi?"

Kasmir akaeleza. Alikwenda Kabwe, kando ya ziwa, kufunga dishi la televisheni kwenye nyumba ya wageni. Tangu biashara ilipoachiwa huru kila kitu cha mtumba kilikuwa kinavuka ziwa, magodoro, redio, baiskeli, na mtu akamwambia yupo mama mmoja nyuma ya vichanja vya dagaa ana kompyuta. Aliikuta ndani, imekaa juu ya mkeka mpya, imefunikwa kitenge.

"Akakutaka nini?"

"Hapo ndipo niliona bahati imenidondokea. Pesa hakutaka kabisa. Alitaka jembe jipya, blanketi na kuku jike. Nikasema moyoni, huyu hajui bei. Nikakimbia dukani kabla hajashtuka."

Shangazi Coleta alikuwa ameanza kutikisa kichwa. "Ulipompa, alikuitaje?"

"Aliniita mkwe. Nikajua ni maneno ya sokoni tu. Halafu akasema, ukimchoka usimtupe, umlete mwenyewe."

Evodia alijishika mdomo. Kasmir alikuwa Mfipa wa jina tu. Alizaliwa na kukulia Dar es Salaam, akaja Sumbawanga ana ndevu tayari. Mtoto yeyote wa huku, hata wa darasa la pili, angelitazama jembe lile, blanketi lile na kuku yule, na angejua.

"Mwanangu," Shangazi alisema, na sauti yake ilikuwa ya huruma, "kwa jembe hatununui. Kwa jembe tunaoa. Umemtolea mahari, ukamchukua kwao, ukamweka kwako, na kila asubuhi ukamwita mke wangu kwa hiari yako. Sasa unataka kupeleka mwingine kanisani, na unashangaa kwa nini mwenye mume anasema?"

"Mfukuze basi, Shangazi," Evodia alisema. "Fukiza, chanja, fanya lolote."

"Hafukuzwi. Angekuwa amevamia ningemtoa kabla ya jioni. Huyu ni mke halali, dawa yangu haimgusi. Anarudishwa kwao na mahari inarudi, hakuna njia nyingine. Ila kwanza mume amvue jina, kwa mkono wake mwenyewe."

Jumatatu wakafungua duka pamoja. Kasmir aliketi, akafungua dirisha jeusi, akaandika amri ya kubadilisha jina la mashine. Ikamwomba neno la siri. Akaliandika, ikalikataa. Akaliandika tena, ikalikataa. Mara ya tatu ikalikataa, na taa ya dukani ikapungua mpaka ikawa nyekundu. Kasmir akasogeza uso karibu na kioo, akanong'ona, na Evodia alisikia.

"Nisamehe," alisema. "Hukunikosea kitu."

Alipoandika mara ya nne, neno lilikubaliwa. Evodia angepaswa kushukuru. Badala yake alisimama pale akiwa na uchungu, kwa sababu katika mwaka mzima wa uchumba, kwa makosa yote aliyomkosea, Kasmir hakuwahi kumwambia yeye neno lile.

Evodia hakumwacha aende Kabwe peke yake. Jumanne walipanda lori la alfajiri, wakapita Chala jua limeshachomoza, wakateremka kutoka kwenye baridi ya juu hadi kwenye joto la ziwani, Kasmir amepakata kompyuta ndani ya kitenge. Haikuwa imechomekwa popote, na bado Evodia aliyekaa kando alisikia feni yake ikizunguka, ikisita, ikizunguka, namna mtu anavyovuta kamasi.

Nyumba ilikuwa palepale, nyuma ya vichanja. Saa nane mchana, jua kali, na kizingiti chake kilikuwa na baridi. Mama mmoja mzee, msafi, alikuwa amesimama mlangoni kama aliyepewa taarifa.

"Karibu, mkwe. Umemchoka."

"Nimekuja kumrudisha, mama," Kasmir alisema. "Kwa heshima."

"Umemleta mwenyewe. Umefanya vizuri." Aliipokea kompyuta kwa mikono miwili, akaiingiza ndani gizani, akarudi na blanketi, lingali na mikunjo ya dukani, na kuku jike aliyefungwa miguu. Akaviweka mbele ya Kasmir. "Sasa hatudaiani. Kizuizi hakuna tena, kaoe."

Evodia alivuta pumzi ndefu. Alijiona ameshinda, na ushindi ukampa mdomo. Hakutaka kibaki kitu hata kimoja cha mwanamume wake ndani ya nyumba ile.

"Na jembe?" aliuliza.

Kasmir alimshika mkono kumnyamazisha. Yule mama alimtazama Evodia kwa mara ya kwanza, akamtazama vizuri, kuanzia kilemba mpaka viatu.

"Wewe ni wa hukuhuku," alisema. "Shangazi zako hawakukufundisha? Jembe ni la watoto. Jembe likikaa kwa wakwe, watoto ni wa baba yao."

"Watoto gani?" Kasmir aliuliza.

"Miaka mitatu, mkwe. Ulidhani mwanangu ni tasa? Walikuwa kwangu, nawalea, nikikungoja. Ukilitaka jembe lako nitakupa sasa hivi, nao watabaki hapa na hawatakujua. Ni wewe useme."

"Kasmir, chukua jembe," Evodia alinong'ona. "Chukua twende. Nakuomba."

Alimwona amefungua mdomo kusema. Alimwona kabisa. Na ndipo kutoka ndani, kutoka kwenye lile giza la baridi, ikaja miguu midogo ikikimbia juu ya mkeka, ikasimama nyuma tu ya mlango, na sauti ya mtoto ikauliza, kwa lafudhi ya Kasmir mwenyewe, ile ya Dar es Salaam ambayo hakuna mtu wa Kabwe aliyekuwa nayo: "Baba ndiye huyu?"

Uso wa Kasmir ulibadilika. Evodia alikuwa amengoja mwaka mzima kutazamwa kwa uso ule.

"Baki na jembe, mama," Kasmir alisema.

Hawakuona mtu akitoka. Walirudi barabarani wawili, yeye amebeba blanketi na Evodia amebeba kuku, na mchangani nyuma yao Evodia hakugeuka kutazama nyayo. Lori la jioni lilikuwa limejaa magunia, likiwa na nafasi ndogo ubavuni. Kasmir alipanda, akaketi, akatandika blanketi. Alikuwa anatabasamu kidogo, machozi yakimtoka, mkono mmoja ukiwa umezunguka hewa. Evodia alisimama chini. Angeweza kubaki palepale na kungoja gari lingine. Lakini Jumapili tangazo la pili lingesomwa, naye aliwajua watu wa kanisa lile, na alijua nani angeketi upande wa wanawake na kucheka ndoa ikivunjika. Akapanda, akaketi karibu na Kasmir, bega kwa bega, asiache upenyo.

Utingo alipita akihesabu abiria kwa kidole, akafika kwao.

"Dada, hao watoto wapakateni," alisema. "Wanachukua siti ya watu."

Kisha akaendelea na wengine. Lori likanguruma. Evodia alisikia kitu kidogo, kizito, kibichi, kinapanda kwenye mapaja yake, kinajisukuma kwa viwiko mpaka bega lake likaachana na la Kasmir, kikaketi hapo kati, kikamwegemea kifuani na kuweka mdomo wa baridi sikioni pake.

"Mama amesema tukae katikati yenu," kikanong'ona. "Siku zote."